Simu Inasema Bangale Hakuna Ng'ombe

Mzee Godana,

Nimekukasirikia. Nilidhani tukishakuzika hasira itapoa, lakini wapi.

Shirika letu la kutibu mifugo limeacha utaratibu wako wa kuzunguka na kisanduku cha chanjo. Sasa mfugaji anajisajili kwa simu kwanza, na swali la kwanza ni: una ng'ombe wangapi? Swali hilo! Siku yangu ya kwanza Bangale nililiuliza mbele za watu, mimi Mpokomo wa Kulesa niliyejua migomba tu, na mzee mmoja akaswaga mifugo yake akaenda zake. Ulinivuta kando. "Wewe msichana, ng'ombe wa mtu hawahesabiwi kwa mdomo. Unataka wafe? Uliza wanakunywa kisima gani, utajua wingi wao na dawa ya kubeba."

Basi watu wa Bangale wamekataa kujibu, na wengine wameandika sifuri. Simu ikasema Bangale hakuna ng'ombe. Mkurugenzi, na hilo neno ubunifu lisilomtoka mdomoni, akafuta safari za huko. Ndama wanakufa, yeye anatuonyesha michoro ukutani.

Nilipopinga kikaoni akanijibu, "Hata marehemu Godana aliikubali." Ni kweli, nilikuwepo. Alikuonyesha ile simu, ukatabasamu, ukasema, "Nzuri sana, mkubwa." Tulipofika nje ukaniambia haifai kitu, ukacheka. Ukacheka, Mzee! Mle ndani ulishindwa nini kusema? Ulimwonea haya mtu asiyekuonea haya wewe, na sasa anajikinga kwa jina lako.

Jana nilisimama tena. Nikasema mbele ya wote, mwanao Barisa akiwa ameketi pale na madereva wenzake, kwamba siku ile ulidanganya. Sikutafuta neno la kupamba. Najua mtu hamsemi maiti namna hiyo. Barisa aliinuka akatoka bila kunitazama. Mkurugenzi akapekua makaratasi yake, kisha akarudisha safari moja, ya majaribio, na swali lile akalifuta.

Kwaheri, mwalimu wangu. Mungu akurehemu, mimi bado sijaweza kukusamehe. Ndama wa Bangale watachanjwa, hilo nakuahidi, na safari ya pili nitaipigania vilevile. Tunaondoka Garsen Jumatatu alfajiri. Dereva niliyepangiwa ni Barisa. Tutakuwa wawili tu garini, njia yote ile mbovu, na ana macho yako.

Habona