Makaa Uliyoyaacha Chini ya Kitanda

Mama,

Mvua imekatika. Naanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Leo mtaa mzima wa Mbotela umeanika magodoro nje, na Kageha, mwanangu uliyemwacha bado mchanga, anatambaa mlangoni akila matope. Kifua chake kimepona. Jana nililala fofofo, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Unakumbuka redio ilivyotangaza hiyo mvua ya Elnino huku jua likiwaka? Vijana wa jirani walikucheka. "Mathee, hizo ni stori tu." Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu hayakuwepo. Wewe ukaenda zako kwa muuza makaa, ukazoa vumbi lililobaki chini ya magunia, ukalichanganya na udongo na maji, ukafinyanga madonge na kuyaanika juu ya mabati. Ulikuwa mweusi hadi viwiko. Ukanunua unga na dagaa wa omena, kisha ukalisukuma gunia la madonge chini ya kitanda chako. Presha ikakuchukua kabla ya tone la kwanza kuanguka.

Tuliporudi kutoka mazishini kule Vihiga, Baba alifunga chumba chenu akahamia sebuleni. Unaijua desturi yetu: vitu vya marehemu havishikwi mpaka Shangazi aje avigawe. Shangazi aliahidi kuja baada ya kuvuna, ila mvua ikamtangulia. Mama, ilinyesha hiyo! Barabara zikakatika, Shangazi akakwama nyumbani, na malori ya makaa nayo hayakufika. Makaa machache yaliyopatikana yalikuwa yamelowa, moshi mtupu. Mafuta taa yakaadimika. Unga ulikuwa wa jikoni, wa sisi sote, kwa hiyo tuliutumia bila wasiwasi, ila tulikosa moto wa kuupikia. Gunia lilikuwa lako.

Kisha Kageha akaanza kukohoa. Nepi hazikauki, nyumba ina unyevu, na mtoto akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani. Kliniki walimpa dawa wakasema apate joto. Joto la kutoka wapi? Niliogopa, Mama. Nilisimama mbele ya mlango wenu uliofungwa nikiwa nimejiandaa kugombana na Baba, maana unamjua, kwa mambo ya mila hana mchezo.

Hatukugombana. Baba alimtazama mtoto, akatoa ufunguo mfukoni, akafungua, akapiga magoti na kulivuta gunia mwenyewe.

"Mama yenu hakuweka makaa yarithiwe," akasema. "Aliyaweka yawake."

Na yaliwaka, polepole, bila haraka yoyote, kama wewe ukienda kanisani. Tuliyawashia barazani, tukayaingiza yakiwa mekundu na kuacha mlango nusu wazi, vile ulivyokuwa ukitugombeza tufanye. Uji ukaiva, nepi zikakauka, na siku baada ya siku kifua cha mtoto kikalegea. Hata wale vijana waliokucheka walikuja na sufuria zao. Baba hakuwanyima. Mimi ningewanyima kidogo.

Juzi Shangazi alifika. Tulimpokea tumeinamisha vichwa, maana tulikuwa tumegusa vitu vyako kabla ya wakati wake. Baba akamwonyesha gunia tupu na kumweleza kila kitu. Shangazi alimbeba Kageha, akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Basi kugawa kumeshaanza," akasema. "Huyu amepata fungu lake."

Baba akalia. Hakulia kaburini, Mama, unajua alivyo. Alilia pale sebuleni mbele yetu sote, na tangu hapo anakula vizuri na amerudi kulala chumbani kwenu.

Nakukosa sana, lakini moyo wangu umetulia. Nakuahidi mvua nyingine ikija itanikuta nimejiandaa, wanicheke wasinicheke. Pumzika sasa, Mama. Mjukuu wako anapumua vizuri.

Ni mimi mwanao,
Minayo