Mlango Wako ni Mwembamba, Dada

Jumatatu, 4 Novemba
Nyimbo nne kabla ya kufungua duka, kama kila asubuhi, huku napanga chupa za dawa ya kupe. Mbili za Brazili, moja ya Polandi, moja sijui ya wapi. Nimechukua ya Polandi tu. Gitaa linaanza kama lori linalopanda mlima na gia mbovu. Nimelipenda sana. Wengine nimewaandikia: asanteni, bado.

Plelisti yangu, orodha ya nyimbo mtandaoni, inaitwa Radi ya Kimuli. Muziki wa metali tupu, magitaa ya kunguruma. Niliianza kwa ajili ya masikio yangu mwenyewe, nisichoke dukani. Sasa inasikilizwa na watu wa nchi ambazo sitafika, na bendi za huko hunitumia nyimbo niziweke. Wananiuliza Kimuli ni bendi gani, kumbe ni hapa petu.

Leo hedifoni imechomoka mzee mmoja mfugaji akiwa anaingia. Amenipa pole. Alidhani mashine ya kusaga ya jirani imeharibika.

Alhamisi, 7 Novemba
Deusi ametuma wimbo! Mdogo wangu. Anachomelea milango na madirisha ya chuma kule Kiruruma, na jioni anapiga gitaa na wenzake wawili humo humo karakanani. Hatimaye wamerekodi. Nilifurahi mpaka nikampa mteja wa mbuzi dawa ya kuku. Nimemkimbilia barabarani.

Nimesikiliza mara tatu. Ile ya tatu nilikuwa nauombea tu.

Si mzuri. Anaimba Kiingereza kisichosema kitu. Giza, damu, moto, giza tena. Sauti ya kuazima. Deusi hajawahi kuogopa giza maishani mwake.

Ijumaa, 8 Novemba
Sijamjibu. Senene wameanza kuanguka. Alfajiri Kimuli nzima ilikuwa nje na ndoo, wanaokota hao panzi wa kukaanga, wanacheka. Mimi nimejificha nyuma ya kaunta, naogopa simu.

Jumamosi, 9 Novemba
Nimempigia. Nimemwambia ukweli polepole: magitaa safi, ngoma safi, wimbo wenyewe haupo. Siwezi kuuweka.

Kisha akauliza, "Dada, huyo Mpolandi unamfahamu?"

Nikasema simfahamu.

"Mimi unanifahamu." Akakata.

Nimelia kidogo. Halafu hasira. Nikimweka kwa udugu, wale wa Brazili nitawaambia nini?

Jumapili, 10 Novemba
Baada ya misa nimekwenda Rugera kwa Mama. Habari imenitangulia. Ameitikia shikamoo yangu akiwa anaangalia mgomba. Kisha akataka kujua ni nafasi gani hiyo niliyomnyima mdogo wangu.

Nimejaribu kueleza. Nikasema plelisti ni kama kwaya ya parokia, humsimamishi mtu mbele kwa sababu ni mwanao. Mama ameimba kwaya tangu mimi sijazaliwa. Akafikiri.

"Lakini nyuma tunamweka," akasema.

Wakati wa kuondoka alinifungia senene kwenye jani la mgomba. La Deusi lilikuwa pembeni, limefungwa tayari. Kubwa. Nimeliona.

Jumanne, 19 Novemba
Deusi ndiye huja kununua dawa ya ng'ombe wa Mama. Safari hii hakuja. Nimesikia wameogeshwa kwa dawa ya duka jingine.

Hilo limeniuma kuliko yote.

Jumamosi, 23 Novemba
Niandike vizuri.

Asubuhi nilikuwa nasikiliza plelisti ya mzee mmoja wa Ufini. Ni kubwa, yangu ni kisima tu mbele yake. Hachukui wimbo mbaya hata siku moja. Katikati ya nyimbo zake, mashine ya kukatia chuma ikalia. Ngoma ikaingia. Halafu sauti, na maneno ya Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani. Nilikaa juu ya gunia la pumba.

Deusi.

Wimbo mpya. Anakoroma kama fahali aliyezuiwa zizini. Na anayemngurumia ni mimi. Mwanamke anauza dawa ya kupe na kulinda mlango. Wageni wa mbali anawakaribisha, ndugu yake kasimama mvuani. Kuna mstari mzima kuhusu pua yangu. Kiitikio: mlango wako ni mwembamba, dada, na mimi nina mabega.

Nimetukanwa mbele ya Ufini nzima.

Ni wimbo mzuri kuliko zote nilizosikia mwaka huu. Niliurudia na kuurudia. Nikacheka mpaka jirani wa duka la mbolea akaja kuangalia kama niko salama.

Jumapili, 24 Novemba
Nikiuweka, nimekubali matusi. Nisipouweka, mimi ndiye yule wa kwenye wimbo.

Na hakunitumia mimi. Alimpa Mfini. Nina wivu. Nimejishangaa.

Jioni: nimeuweka. Kwenye maelezo nimeandika kwamba dada anayeimbwa ndiye mwenye plelisti.

Jumatano, 27 Novemba
Ujumbe mwingi kuliko siku yoyote. Mbrazili mmoja niliyemkatalia ameomba tafsiri, kwa furaha ambayo naielewa kabisa. Nimetafsiri yote. Hata pua.

Wa Deusi haumo.

Alhamisi, 28 Novemba
Amekuja. Pikipiki imejaa tope mpaka kwenye kiti. Shikamoo dada, marahaba. Akataka dawa ya kupe, nikampa. Hakuondoka.

"Umetafsiri na pua?"

"Na pua."

Akainamisha kichwa. Nilidhani ana hasira, kumbe mabega yanatikisika kwa kicheko. Basi nikashindwa na mimi. Mteja aliyekuwa mlangoni alitungoja mpaka tukamaliza.

Nilimkalisha, nikamtuma mtoto wa jirani akalete chai... hapana, nilienda mwenyewe kuileta, nilitaka kuwa na kitu mkononi. Akanywa. Akaniambia ule wimbo wa kwanza alimtumia Mfini pia, na watu wengine wengi. Hakuna aliyemjibu hata neno moja.

"Wewe ulinipigia simu," akasema.

Akavaa kofia yake akaenda.

Jumapili, 1 Desemba
Rugera. Mvua tangu asubuhi. Deusi amelala kwenye kochi, miguu imening'inia nje. Hakuna aliyezungumzia muziki wakati wa chakula.

Baadaye nimemkuta Mama jikoni anamenya ndizi za jioni, anaimba chini chini. Imenichukua muda kuutambua wimbo. Ni kiitikio cha Deusi. Ameupunguza mwendo mpaka umekuwa kama wa kubembeleza mtoto. Mlango wako ni mwembamba, dada. Hakuniangalia. Alisogea kidogo kwenye mkeka.

Nimechukua kisu kingine, nikakaa, nikaingia na sauti ya pili.