Biskuti Ulizokuwa Ukizificha

Mama, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, sikukuu ikiwa mlangoni na siagi uliyokwisha kuinunua ikiwa bado imefungwa. Tulidhani tungezoea. Hatujazoea.

Ulifua mashuka ya hospitali mpaka ukastaafu, na bado hukujua kukaa bure. Jirani akijifungua, unapeleka biskuti. Jirani akifiwa, biskuti. Hata yule fundi bomba aliyetuharibia bafu ulimfungia za kwenda nazo nyumbani, na Baba akanuna kutwa nzima.

Za sikukuu ndizo zilizokuwa na heshima yake. Ulisukuma donge kwa chupa, ukakata nyota, miezi na samaki kwa vile vibati alivyokukunjia Baba kutokana na makopo ya maziwa. Kisha trei nzima ukaiingiza kwenye friji, ukafunga mlango na kuuegemea. "Naficha," ulikuwa ukisema, jicho kwa Baba. "Nyumba hii ina mwizi mwenye mvi." Tumekua na utani huo.

Mwaka huu binti yako mkubwa alitangaza kwamba kumbukumbu yako haitapita bila biskuti, na kwamba ataoka yeye. Alimkuta mkweo, mke wa mwanao, jikoni, pale alipozoea kusimama nawe miaka yote.

"Wifi, nikuombe kitu," alimwambia. "Leo niachie. Hili jiko la mama yangu."

"Sawa, wifi."

Mkweo akasogea kwenye sinki, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Hakuwa amesahau alivyoambiwa na wifi yake siku ya mazishi, mbele ya watu, kwamba yeye ni wa kuja tu. Sisi pia hatukuwa tumesahau, na tuliona aibu kwamba hakuna aliyemtetea.

"Hizi zikinishinda," binti yako akasema, akipepeta unga, "basi hapa sina changu tena. Msinitegemee sikukuu nyingine." Unamjua. Huyo akisema haji, haji.

Alikata vizuri, mkono kama wako. Halafu akachukua trei, akaipeleka moja kwa moja kwenye oveni.

Mkono wa mkweo ulisimama ndani ya povu. Baadaye alitusimulia kwamba alitaka kumzuia. Akisema, mgeni anamfundisha mtoto wa nyumba kazi ya mama yake. Akinyamaza, wifi yake anaondoka na hatarudi. Alinyamaza, na kimya chake kilimwuma kuliko yale matusi ya mazishini.

Trei ilitoka nyota zimeyeyuka, samaki wamegandana na miezi. Binti yako akapunguza moto, akaingiza ya pili. Ikatoka vilevile. Baba alijaribu kusema tumbo halina macho, hakuna aliyecheka. Tulibaki tumesimama mlangoni, kila mtu akimtegea mwenzake aseme kitu.

Binti yako alivua aproni, akaikunja taratibu, akachukua mkoba wake. Hapo ndipo alipomwona wifi yake anatazama friji.

"Unajua nilipokosea?"

"Najua."

"Tangu trei ya kwanza?"

"Tangu ya kwanza, wifi. Hukuzitia kwenye friji."

"Kule alikuwa anazificha. Baba alikuwa anaiba."

"Baba alikuwa anaiba kweli. Lakini siagi ikipata baridi ndipo biskuti inashika umbo. Ikiingia motoni ingali laini, inatambaa."

Baba akatazama chini. Hata yeye, Mama, mwizi wako wa miaka yote, hakuwa akilijua hilo.

Binti yako hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Kwa hiyo mimi mwanawe kaniachia utani," akasema, "wewe akakufundisha."

Mkweo alifunga bomba, akafuta mikono.

"Mimi nilimwuliza, wifi. Nilikuja hapa sijui chochote cha nyumba hii, nikawa nauliza kila kitu mpaka Mama ananiambia nimpumzishe. Wewe ungeuliza nini? Ulikuwa kwenu."

Binti yako alisimama na mkoba wake, machozi yanamtoka na hayafuti. Tulidhani anaondoka. Akauweka mkoba kwenye kiti.

"Haya, nauliza. Zikae mpaka lini?"

"Mpaka ukiibonyeza, kidole kisiache alama."

"Nionyeshe. Na ya mazishini, wifi, nilikosa. Nisamehe."

Mkweo alimvalisha aproni, akamfunga kamba kwa nyuma.

Trei ya tatu ilitoka nyota zina ncha zake. Tulizila zote, pamoja na zile zilizoharibika. Baba akaanza kutwambia mlivyokutana, kisha akakwama katikati, kwa sababu lipo jambo alilotaka kukuuliza siku nyingi. Kila mmoja wetu akakumbuka lake ambalo hakukuuliza. Na sisi, Mama, tulikuwa kwetu, tukadhani upo tu.

Unakumbukwa na mumeo, binti yako mkubwa, mwanao wa kiume na mkewe, mwenzako wa jikoni. Wajukuu, dada zako, majirani wa mtaa mzima, na wenzako wa chumba cha kufulia.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.