Dada Anaeli, Kabla ya Mnada wa Kesho

Dada yangu Anaeli,

Shikamoo. Nimeshakupita umri na mvi zimenijaa, lakini shikamoo yako iko palepale. Nakuandikia nikiwa barazani nyumbani, Jumamosi mchana. Ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka kwenye migomba ya baba, na huko chini kwenye mfereji watoto wa jirani wanagombania ndoo. Rehema, mwanao, yuko jikoni anapika loshoro ya mahindi na mtindi kwa wageni wa kesho. Mimi nimekaa hapa nikijifanya naandaa somo, kumbe naogopa. Wewe ndiye uliyekuwa ukiambiwa hofu zangu zote, kuanzia ya mbwa wa mchungaji mpaka ya mtihani wa hesabu, kwa hiyo na hii nakuletea wewe kwanza.

Barua hii nimeiacha wazi, asome anayetaka. Ulifichwa vya kutosha ukiwa hai.

Unakumbuka uliponipeleka Kaloleni mjini kununua viatu vya shule? Ulikuwa ukiniita babu kwa sababu nilipewa jina la babu yetu. Mbele ya muuza viatu ulipiga magoti ukanifunga kamba, ukasema kwa sauti, "Babu gani huyu, hajui hata kufunga viatu?" Watu wakacheka, nami nikanuna mpaka uliponinunulia andazi karibu na uwanja wa mpira. Wakati wa kurudi ulinibeba mgongoni kipande kile cha mwisho, njia inapokaza kupanda, ili viatu vipya visiingie matope. Ulikuwa unahema huku unanisimulia habari za harusi yako, na mimi nilikuwa nakasirika kimoyomoyo kwamba kuna mtu anakuja kukuchukua.

Alikuchukua, na baada ya muda akakurudisha. Ulikuja na Rehema kwenye kanga, hata kitovu chake hakijakauka vizuri. Mama alisema umechoka tu. Lakini ulikuwa hulali. Ulikuwa unafua nguo za mtoto, unazianua zikiwa bado mbichi, unazifua tena. Ulisema kuna mtu anatia majivu kwenye maziwa yako. Ulituomba tuyaambie maji ya mfereji yaache kukuita jina. Mimi nilikuwa kijana wa sekondari nyumbani kwa likizo, na nilikuwa nakuogopa, dada, wewe uliyenibeba mgongoni.

Halafu asubuhi ile. Nilikuwa nafagia uwanja, ukatoka ndani umemshika mtoto mbali na mwili, kama mtu aliyebeba chungu cha moto. Ukanikabidhi. "Mshike, babu," ukasema. "Siiamini mikono yangu." Ukakaa chini kwenye vumbi, ukaanza kulia. Nilimshika. Tangu siku ile moyoni sikumwachia, na nilipooa nilimchukua rasmi, ndiyo maana ananiita baba.

Baba yetu aliwaambia watu malaria imekupanda kichwani. Ukapewa kwinini mpaka masikio yakawa yanavuma. Siwezi kumlaumu sana mzee, maana kila nyumba huku mlimani ilisema hivyohivyo. Malaria haimwaibishi mtu. Malaria haimzuii mdogo wako kuoa wala binti yako kuolewa. Majirani walijua kabisa, walikusikia ukiimba shambani wakati wa mvua, lakini hapa kwetu jirani hamharibii mtoto wa mwenzake posa. Mtu akija kuulizia ukoo, anaambiwa ni watu wazuri, wachapakazi, wanasali, yule dada yao alisumbuliwa na malaria. Ni wema, dada. Wema huo ndio ulikufungia kwenye chumba cha nyuma kila wageni walipokuja.

Mahali pamoja tu sikuona ukifichwa. Jumapili moja baba alikuwa amesafiri, ukashuka nasi kanisani. Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka za mazao, mayai, kuku, viazi, mikungu ya ndizi. Mzee wa mnada aliponyanyua mkungu mmoja mkubwa, ukapaza sauti ukataja bei. Kisha ukaipandisha bei yako mwenyewe, ukapandisha tena. Watu wakaangua kicheko. Mama akainamisha kichwa. Lakini yule mzee hakucheka. Alingoja kelele zitulie, akasema taratibu kama anavyomwambia mtu mwingine yeyote, "Mkungu huu ni wa Anaeli." Ukajitwisha, ukapanda nao mpaka nyumbani shingo imenyooka, na wiki nzima ulikuwa mzima karibu kama zamani.

Ulipofariki nilikuwa mbali, kazini Dodoma. Walinisimulia baadaye. Ulilalamika kifua kinawaka moto, na kila aliyekusikia akasema ni yaleyale yako, mara maji yanaita, leo kifua kinawaka. Walipokuja kushtuka kwamba safari hii ni homa ya mapafu, ulikuwa huwezi tena kusema. Kwenye mazishi yakasomwa maelezo mafupi ya maisha yako, na mle ndani mkawa na malaria. Rehema alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Alikua akijua hivyo.

Sasa nikwambie ninachokifanya. Mimi na wenzangu chuoni tumehangaika miaka, tumekaa vikao mpaka makalio yamekufa ganzi, na hatimaye tumeanzisha masomo ya shahada ya uzamili ya afya ya akili ya jamii hapa Arusha. Ungeuliza ni kitu gani. Ni kuwafundisha wauguzi, madaktari na maofisa ustawi wa jamii, watu ambao tayari wana kazi zao, wasiishie kumtibu aliyekwisha kufikishwa hospitali. Wajue kuingia kliniki ya wajawazito, shuleni, kanisani, sokoni, wamtambue mtu kama wewe katika wiki ile ya kwanza ya kufua nguo mbichi. Maana ugonjwa wako, ule wa akili unaokuja baada ya kujifungua, ulikuwa unatibika. Hilo nililijifunza darasani, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Kwenye vikao hivyo mimi ndiye niliyeng'ang'ania kwamba wanafunzi wasianze na vitabu. Waanze kwa kukaa kwenye nyumba ya familia iliyopitia jambo hili na wasikilize bila kuandika chochote. Wenzangu walikubali baada ya ubishi mrefu. Basi nikaja huku kwetu kutafuta familia, nikijiamini kweli, mwalimu wa chuo na shati limepigwa pasi. Kila nyumba ilinikaribisha kahawa, na kila nyumba ilisema kwao hakuna mtu wa namna hiyo. Kwa mama mmoja njia ya kwenda Nkoaranga nilisikia kabisa mtu akigonga ukuta ndani. Nikamwomba, nikambembeleza, nikamweleza faida. Akanimiminia kahawa nyingine, akasema, "Mwalimu, unataka tufungue milango yetu. Wa kwenu mlimfungulia lini?"

Nikamaliza kahawa, nikaaga. Siku ya pili nikaenda kwa mchungaji, nikaomba kusimama kesho baada ya mnada. Wanafunzi wangu watakuwepo, na familia ya kwanza watakayoisikiliza ni yetu.

Hofu yenyewe inaanzia hapo. Wiki hiyohiyo ikaja habari kwamba Rehema amepata mchumba. Kijana ni mtu wa Kisongo, watu wa mifugo na mahindi, Walutheri wenzetu, kijana mwenye adabu, anamchekesha Rehema vizuri. Wazee wake wakasema kabla hawajaleta maneno rasmi wangependa kuja kusali nasi, watuone tukiwa kwetu. Wakachagua Jumapili wenyewe. Wakachagua kesho. Watakuwa wamesimama palepale kwenye mnada, na fimbo zao, wakisikiliza mwalimu akitangaza kwamba mama mzazi wa binti wanayemtaka alirukwa na akili.

Nilifikiria kuahirisha. Nilikwisha kushika simu nimpigie mchungaji nimwambie nina mafua. Usiku sipati usingizi, dada, na ukishajua ninayoyajua, kukosa usingizi kunakutisha zaidi. Najichunguza. Naangalia mikono yangu. Lakini kila nikifikiria kukaa kimya namwona Rehema ana kanga mpya na mtoto ndani yake, yuko huko Kisongo kwa watu wasiojua, anafua nguo mbichi, na mama mkwe anasema binti amechoka tu. Si lazima impate. Lakini inaweza, kwa sababu ilikupata wewe. Nikinyamaza naweza kumpoteza na nikisema naweza kumharibia, na mimi ndiye uliyeniambia nimshike.

Jana mimi na Rehema tulikaa tukichambua kahawa, nikamwambia yote. Hakunyanyua macho, aliendelea kutoa punje mbovu. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo aliugua aliponizaa mimi." Hilo ndilo neno nililokuwa naliogopa kuliko yote. Nikamsimulia asubuhi ile ya kufagia uwanja. Nikamwambia, mama yako alikuwa anasikia sauti zinazomwamuru mabaya, na katikati ya kelele hizo akapata nguvu ya kutembea mpaka kwangu na kukutoa mikononi mwake. Alilia, nikalia, kahawa ikachanganyika mbovu na nzima.

Kisha akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake kama wewe kabisa. "Baba," akasema, "na mimi nikizaa, kama hakuna anayejua, nani atanitazama usoni?"

Hakutaka mchumba wake asikie kesho katikati ya watu. Alimpigia mwenyewe jioni, akasimama kule kwenye migomba kwa muda mrefu. Aliporudi alisema kijana alisikiliza mpaka mwisho, akasema atazungumza na wazee wake. Tangu hapo hajapiga. Simu iko hapa juu ya meza karibu na mkono wangu, na kila ikiwaka ni tangazo la kampuni ya simu. Rehema amewasha moto tangu asubuhi, anakoroga mtindi, anapika chakula cha watu ambao hatujui kama watakuja. Nilimuuliza kama bado anataka nisimame. Akaniambia niende nikanyoe ndevu.

Nimekata mkungu mmoja mkubwa shambani kwa baba, upande ule uliokuwa unapalilia wewe. Kesho nitautoa sadaka, na ukinadiwa nitaununua mwenyewe, wacheke wakitaka. Anayenadi siku hizi ni mtoto wa yule mzee, na ataniuliza, kama ilivyo desturi yetu, apewe nani. Nitajibu, "Ni wa Anaeli." Watageuka wote kunitazama, maana wote wanakujua. Hapo ndipo nitaanza kueleza uliumwa nini, Kisongo wawepo wasiwepo. Rehema amesema atasimama ubavuni kwangu, na sauti ikinikimbia atamalizia yeye.

Lala salama, dada yangu. Bado naogopa. Sasa hivi nimejaribu viatu vya kesho, kamba zikanishinda. Rehema ametoka jikoni, amepiga magoti hapa barazani na mtindi mikononi, na ananifunga kamba.

Ni mimi mdogo wako,
babu asiyejua kufunga viatu.