Weka mukono, ungoje

Mudogo wangu Furaha,

Nakusalimia toka hapa Biwi, mu muji, fasi baridi imenivalisha triko mbili. Niko kwa Mama Gloire, ule wa kanisa.

Jana nilipotoka hospitali, bamama wenzake balikuja kuniombea. Mi nikafunga macho, na juu ya uchovu, nikalala kabisa. Mama Gloire akashika mukono wangu, akasikia mushipa unapiga polepole sana, akashituka. Nikaamushwa na ule wimbo wenye tunaimbaka kwa kilio! Nikafungua macho, nikauliza: "Ni nani amekufa?" Bamama bakapiga makelele, mumoja akakimbia na sahani ya nsima, bugali ya huku, mukononi.

Nikabaelezea vile munganga aliniambia: tangu moyo iligonjwa, dawa njo inaifanya iende polepole. Kama sisikie kizunguzungu na sianguke, niendelee tu na kazi yangu. Tukacheka, tukakula ile nsima na tusamaki twenye kufanana na sambaza ya kwetu Bukavu.

Lakini wewe njo nilikukumbuka. Kila nikisinzia kwa mashini ya kushona, unanitikisa, unaniita na sauti ya machozi. Najua ni woga, mudogo wangu.

Kesho narudi kwetu mu kambi ya Dzaleka. Ukinikuta nalala, usinitikise. Weka mukono pa kifua yangu, ungoje. Ukiona inakawia, ngoja tena kidogo. Itapiga.

Yaya yako mwenye kukupenda,
Noella