Sina Mtu Hapa

Tarehe 3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Habari za huko, na mguu unaendeleaje na baridi hii? Mimi mzima, isipokuwa nimearifiwa kwamba nilikufa.

Habari hiyo imeletwa na vitunguu. Jirani alirudi navyo kutoka mjini ndani ya mfuko wa karatasi wa hilo duka lenu la vitabu vilivyotumika, na wewe ukawa unanitazama kutoka kwenye karatasi, gongo kwapani. Chini yake wameandika: "Yatima. Mlemavu. Hana mtu. Ukinunua kitabu, anakula." Jirani akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama mimi ni mama wa kambo.

Mama wa kambo. Mimi niliyekubeba mgongoni hadi darasa la nne, watu wakiniambia nikuache nyumbani.

Nani kasema nimekufa? Kama ni wewe, niambie. Mfuko nimeshindwa kuutupa kwa sababu ya uso, na nimeshindwa kuutunza kwa sababu ya maneno.

Mama yako, marehemu

Tarehe 11 Machi

Shikamoo mama,

Mguu haujambo, aliyeumia ni mwenye mguu. Sikusema umekufa. Siku ya kuomba kazi mkurugenzi aliniuliza nina nani. Nikasema, "Sina mtu hapa." Maneno mawili akayachukua, la tatu akaliacha. Hilo la yatima kajiongezea mwenyewe, kama chumvi.

Mifuko nimeiona juzi tu, wateja walipoanza kunipapasa kichwa. Wa Babu Gundi, yule anayebandika majalada yaliyong'oka, umeandikwa "Jambazi aliyetubu". Alifungwa kwa kupanga viatu vya mtumba kando ya barabara. Anasema hajatubu, na viatu vile vilikuwa vizuri.

Nilimwendea mkurugenzi nikamwambia mama yangu yu hai na ulimi anao. Akanijibu kwa huruma kwamba mifuko imeshachapwa, na duka likiyumba tutayumba sote. Unajua milango niliyogonga kabla ya huu, mama. Kazi yangu ni kufuta kwa ufutio majina ya wenye vitabu wa zamani, kitabu kionekane hakikuwa na mtu. Naifanya vizuri. Sikujua nami niko kwenye rafu.

Nivumilie kidogo.

Mwanao

Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Afya yangu, kwa maiti, si mbaya.

Nimekuelewa, na sitaki upoteze kazi kwa hasira zangu. Lakini mengi nimeyavumilia nikiwa hai, kufa sivumilii. Nafika Jumamosi. Sitapiga kelele. Nitanunua kitabu tu, kama mteja.

Mama yako

Tarehe 2 Aprili

Shikamoo mama,

Natumaini ulifika salama na magoti yametulia.

Tangu uondoke duka zima linakuigiza. Anayekupatia zaidi ni Babu Gundi. Kwanza anakuwa mkurugenzi, anatia kitabu mfukoni: "Asante mama, umemlisha huyu, maskini hana mtu." Kisha anakuwa wewe, anaigeukia foleni, anasema, "Mtu wake ndiye mimi." Siku ile nilidhani mkurugenzi ataona haya. Alitokwa na machozi, na mimi mjinga nikayaamini.

Jumatatu akaniita, mpiga picha kakaa pembeni. Anataka mfuko mpya, mimi na wewe tumekumbatiana: "Yatima ampata mama, kwa nguvu ya vitabu." Nikamwambia hukuwahi kupotea. Akasema wateja hawatajua. Nikasema mimi nitajua. Akaangalia saa yake, akasema wenye shida ni wengi, na wengine hushukuru.

Nikauweka ufutio mezani kwake, nikatoka. Babu Gundi kabaki. Ana wajukuu, simlaumu.

Nakuja Ijumaa. Hasira ninayo bado, nyingi, usijaribu kunituliza. Ule mfuko ukate kwa mkasi. Uso baki nao. Maneno yaweke karibu na jiko, nitayawasha mwenyewe.

Mwanao, mwenye mtu