Damu Yangu Imerudi Gotini

Jumanne, Dilala

Kumbe damu ikizungushwa kwenye mashine inajigawa! Munganga, daktari wa hospitali, alinionyesha kichupa cha damu yangu: chini nyekundu, juu maji ya manjano kama chai ya mchaichai. Hayo ya manjano ndiyo aliyonidunga gotini.

"Ni yako mwenyewe, mama. Tunakurudishia tu."

"Na ile nyekundu?"

"Tunatupa."

Nyumbani mume wangu akacheka: "Ulitoka na damu yote, unarudi na nusu!"

Goti linauma kuliko jana. Munganga anasema tungoje majuma kadhaa, na hakuniahidi kitu. Mi nataka tu kupiga magoti kanisani pamoja na wenzangu.

Leo nimesali kitini, mkono gotini. Nikamuuliza Mungu: kama dawa ilikuwa ndani yangu, mbona uliniacha niitafute kwa wauza dawa wa sokoni Manika?